Rubani Kijana na Saa Zake za Angani

Mzee mmoja wa Tanga, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ameniletea barua ya kurasa nne. Kurasa tatu ni salamu na habari za mvua. Ya nne ndiyo yenye jambo. Mwanawe wa pili amerudi kutoka Afrika Kusini alikokwenda kusomea urubani. Kijana amefaulu, leseni ya urubani wa biashara anayo mkononi, na katika daftari lake zimeandikwa saa 215 za kuruka. Shamba la minazi la baba limekwenda katika masomo hayo. Sasa kijana anapeleka maombi ya kazi, na kila mlango anaogonga jibu ni moja: tuletee saa. Huyu anataka 500, yule 1,000, wa tatu 1,500. Mzee anauliza mwanawe atazipata wapi saa hizo ikiwa hakuna anayempa ndege ya kurusha. Tena anauliza: kama serikali imempa leseni, hao wanaomkataa wanajua nini zaidi ya serikali?

Ndugu wasikilizaji, nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Ni letu sisi sote tunaofunga mkanda na kumkabidhi roho zetu mtu ambaye hata sura yake hatukuiona.

Kwanza tuelewane juu ya viti viwili vya mbele. Kushoto hukaa kapteni, ambaye ndiye mwenye amri ya ndege. Kulia hukaa rubani msaidizi. Wengi hudhani msaidizi ni kama utingo wa lori, wa kufunga milango na kupokea nauli. Sivyo. Rubani msaidizi huirusha ndege na kuitua kwa zamu na kapteni wake, na kapteni akizirai, ndege nzima ni yake. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Kwa hiyo katika nchi nyingi duniani mwenye saa 200 na ushei anaweza kisheria kukaa kiti cha kulia cha ndege yenye abiria 150, mradi amefundishwa aina ile ya ndege na kampuni ikamkubali. Hapo penye "kampuni ikamkubali" ndipo mtoto wa mzee wetu alipokwama.

Nchi moja kubwa imeikataa kanuni hiyo. Ni Marekani, na sababu yake ni ajali moja ya usiku wa tarehe 12 Februari 2009. Ndege ya kampuni ya Colgan Air, yenye injini mbili za panga, ilitoka Newark kwenda Buffalo. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na barafu, lakini ndege nyingine zilikuwa zikitua. Ilipokaribia uwanja, marubani walipunguza nguvu za injini, wakashusha magurudumu, na mtambo wa kujiendesha ukaendelea kuishikilia ndege palepale angani huku kasi ikimomonyoka. Hakuna aliyeiangalia saa ya kasi. Ghafla usukani ukaanza kutikisika wenyewe mikononi mwa kapteni.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Ndege haikai angani kwa nguvu za injini tu. Inabebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Kasi ikipungua mno huku pua imeinuliwa, hewa ile hubanduka juu ya bawa, na mzigo unakosa mbebaji. Usukani umetengenezwa utikisike ili kumwonya rubani kuwa hali hiyo iko mlangoni. Dawa yake ni moja, nayo inapingana na silika ya binadamu: shusha pua, ongeza nguvu, ndege ishike kasi kwanza. Mtu anayeiona ardhi inamjia, kisha akausukuma usukani kuelekea ardhi hiyohiyo, huyo amefundishwa na mafunzo yakamwingia. Kapteni wa Buffalo aliuvuta. Mtambo wa ndege ukajaribu kumpinga kwa kuisukuma pua chini, akauvuta zaidi. Ndege ikaanguka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu 49 waliokuwa ndani walikufa wote, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Jamaa za marehemu hawakukaa kimya. Walikwenda Washington mara baada ya mara, wakiwa na picha za watu wao, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria, nayo ikatiwa saini Agosti 2010. Tangu kanuni zake zilipoanza kutumika mwaka 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege Marekani hana budi awe na saa 1,500, sawa na kapteni. Awali zilitosha 250. Iliachwa nafuu kidogo: aliyetoka jeshini 750, mwenye shahada ya chuo kikuu katika mambo ya urubani 1,000.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Kapteni wa ndege ile ya Buffalo alikuwa na saa zaidi ya 3,300. Msaidizi wake, mwanamke kijana, alikuwa na zaidi ya 2,200. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuivuka ile namba iliyowekwa kwa sababu yao! Wapinzani wa sheria hulirudia jambo hili kila siku, nao wana haki. Lakini mimi nilisoma taarifa ya uchunguzi nikakuta jambo jingine ambalo halisemwi sana. Dakika chache kabla ya ajali, marubani wale walikuwa wakizungumza juu ya mada yetu hii hii. Kinasa sauti kiliwakuta msaidizi akieleza kwamba alipoajiriwa alikuwa na saa 1,600, na zote alizipatia Phoenix. Phoenix ni mji wa jangwani, Arizona, ambako alikuwa mwalimu wa urubani. Barafu hakuwa ameizoea. Kapteni naye akasema yeye aliajiriwa akiwa na saa kama 600.

Pimeni wenyewe. Kama sheria ya leo ingekuwapo siku zile, ingemzuia kapteni asiingie kazini mapema vile; huyo, tena, alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa ya kuruka, na baadhi yake hakuitaja alipoomba kazi. Lakini ingempitisha dada yule bila swali, pamoja na saa zake 1,600 za anga kavu, kisha ingempeleka kwenye majira ya barafu. Namba imefanya kazi nusu. Imehesabu saa, haikuuliza zilipatikana wapi.

Anayetaka kulielewa hili asihangaike na ndege, aende stendi. Mchukue dereva wa daladala aliyekwenda Mbagala na kurudi Kariakoo kwa miaka kumi. Ni dereva kweli, na foleni anaijua kuliko mimi na wewe. Mpe lori la tani 30 alfajiri yenye ukungu, ateremke nalo Kitonga. Miaka yake kumi itamsaidia nini pale kwenye kona ya pili, breki zinapoanza kunuka? Na vijana wa Marekani, wakitafuta zile saa 1,250 zilizopungua, hufanya nini? Wengi hufundisha wanafunzi wapya katika ndege ndogo za injini moja, mchana, anga likiwa jeupe. Wengine huvuta mabango ya matangazo juu ya fukwe, au huwapandisha angani watu wanaoruka kwa miavuli. Ni kazi halali, na yapo ya kujifunza humo, hasa kwa anayefundisha, kwa sababu mwanafunzi anaweza kukuua wakati wowote. Lakini saa ya mia tisa ya kuzunguka uwanja uleule haina jipya kubwa kuliko ya mia nane.

Ulaya wamekwenda njia nyingine. Lufthansa ya Ujerumani, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa ikiwachagua vijana wasiojua kuruka kabisa, ikawasomesha katika chuo chake cha Bremen, ikawapeleka Arizona kwenye anga safi kujifunza ndege ndogo, kisha ikawaingiza kiti cha kulia wakiwa na saa mia mbili na kitu. Mwaka 2006 ICAO nayo iliidhinisha leseni mpya inayomwandaa kijana tangu mwanzo kufanya kazi ya watu wawili katika ndege kubwa. Inadai saa 240, na sehemu kubwa yake inaweza kufanyika katika simuleta, ile mashine inayoigiza ndege huku imesimama ardhini. Na simuleta msiidharau. Humo kijana huzimiwa injini mara ishirini kwa juma, huwashiwa moto, hupewa barafu, ukungu na upepo wa ubavuni, mambo ambayo wa Phoenix hakuyaona kwa saa 1,600. Mashirika makubwa ya Ulaya yameajiri hivyo kwa miongo kadhaa, wala hatuoni ndege zao zikianguka kuliko za Marekani.

Basi tuseme saa si kitu? Polepole. Nchi zetu zina msiba wake katika habari hii.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilidumu angani dakika sita. Watu 157 walikufa, na kati yao Wakenya 32. Ilipojulikana kwamba rubani msaidizi alikuwa na saa 361 tu, baadhi ya watu huko Marekani, wakiwamo wanasiasa, walianza kusema tatizo ni marubani wa nchi za nje, wasio na saa za kutosha. Maneno hayo yaliniuma, nami siku ile sikuwa na la kuyajibu. Jibu lilikuja taarifa ya kwanza ya wachunguzi ilipotolewa. Ndege ile ilikuwa na mtambo uliopokea habari potofu kutoka katika kipimo kimoja kilichoharibika, ukawa unaisukuma pua chini, mara baada ya mara. Na nani aliyetaja hatua iliyotakiwa, ya kuzikata swichi za umeme wa mtambo wa mkiani? Ni yule kijana wa saa 361. Aliitaja mara mbili, kapteni akakubali, wakazikata. Lakini ndege ilikuwa imeshika kasi kubwa mno, na gurudumu la kurekebishia kwa mkono likawashinda nguvu.

Miezi mitano kabla yake, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189 kwa ugonjwa uleule. Msaidizi wa ndege hiyo alikuwa na saa zaidi ya 5,000. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wa Addis alikufa kwa uhaba wa saa.

Lakini upo msiba mwingine, nao unasema upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi, wingu la mvua likiwa karibu na giza totoro. Kapteni alikuwa mtu wa makamo mwenye saa zaidi ya 8,000. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye saa 800 na kitu. Muda mfupi baada ya kupaa, kapteni alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha ushike kazi. Haukushika. Hakuna aliyehakikisha, na ndege ikaanza kulala upande wa kulia, polepole, gizani, pasipo mkono wa mtu. Walipozinduka, kapteni hakujua tena upande wa juu ni upi, na aliyofanya yakaizidishia ulalo. Watu wote 114 walikufa. Wachunguzi walitaja kupotewa na mwelekeo, na walitaja pia kwamba wawili wale hawakufanya kazi kama wawili.

Mimi nimelifikiri sana kosa hili la pili. Zile saa elfu nane zilikuwa kiti cha kushoto, lakini kazi ya kiti cha kulia wakati ule ilikuwa kusoma saa za mbele yake na kusema: kapteni, mtambo haujashika, tunalala kulia. Maneno hayo hayahitaji saa 1,500. Yanahitaji kijana aliyefundishwa kwamba kumwambia mkubwa wake hivyo si utovu wa adabu, na mkubwa aliyefundishwa kushukuru akiambiwa. Sisi tunalelewa tusimkatize mzee anaposema. Ni malezi mema sebuleni. Katika chumba cha marubani yanahitaji kuachwa nje ya mlango, na hayaachwi kwa kuambiwa siku moja darasani.

Na hapa ndipo ninapowatetea kidogo wale wanaodai saa. Kijana aliyerusha ndege ndogo peke yake, akafanya uamuzi peke yake, huota uti wa mgongo. Miaka michache iliyopita nilikuwa Mafia nikingoja kurudi Dar es Salaam kwa ndege ya watu kumi na wawili. Rubani alikuwa kijana, ndevu zenyewe za kuhesabu. Mbingu upande wa Rufiji ilikuwa nyeusi kama sufuria. Alizungumza na simu yake ya upepo, akatazama, akatuambia haondoki. Tulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu mzito, aliyekuwa na miadi mjini; alimfokea kijana mbele za watu, akamuuliza kama anajua ni nani analipa mshahara wake. Kijana alimwitikia "shikamoo" ya pili, akazima injini iliyokuwa imewashwa, akaenda kununua soda. Tulikaa saa mbili na nusu. Katika daftari lake saa hizo mbili na nusu hazikuandikwa, kwa sababu hakuruka. Mimi ningeziandika kwanza.

Njiani, kwa kuwa alinipa kiti cha mbele, nilimuuliza nani alimfundisha kukataa. Akasema ni kapteni mmoja mtu mzima wa Arusha, aliyekaa naye miezi ya mwanzo akienda viwanja vya mbugani, mahali ambapo unazunguka mara moja kwanza kuwafukuza pundamilia kabla ya kutua. Siku moja alitaka kuondoka katika upepo mbaya ili awahi. Mzee akaivuta funguo ya ndege, akaitia mfukoni, wakalala kambini.

Basi nirudi Tanga. Mzee wangu, leseni ya serikali inasema mwanao hana hatari akiwa peke yake katika hali za kawaida. Haisemi zaidi ya hapo, na wanaomkataa hawaijui siri iliyofichwa serikali. Wanachokosa wengi wao ni fedha na walimu wa kumkamilisha, wanataka amekwisha kukamilishwa na mwingine. Shirika lenye chuo chake, lenye simuleta, lenye makapteni waliofunzwa kufundisha, linaweza kumchukua kwa saa zake 215, na mimi nitapanda ndege hiyo. Shirika lisilo na hayo, marubani wake wakifika kazini hawajalala, hilo likimpokea kwa saa 215 nitaogopa, na likimpokea kwa 1,500 nitaogopa vilevile. Ndugu wa wale waliokufa Buffalo walilijua hilo: sheria yao haikutaka saa 1,500 tu, ilitaka pia muda wa kupumzika, mafunzo ya kweli ya kuiokoa ndege iliyopoteza kasi, na kumbukumbu za mitihani aliyoshindwa rubani zifunuliwe kwa mwajiri. Kwa maoni yangu hayo matatu yameokoa wengi zaidi kuliko ile namba. Namba ndiyo iliyopata sifa kwa kuwa ni rahisi kuitaja, na hata mwaka 2024, sheria ya usafiri wa anga ilipopitishwa upya huko, waliotaka ipunguzwe walishindwa.

Sijui kama nchi zetu zitaiga namba hiyo. Zikiiga, naomba wakubwa wetu wakumbuke mambo mawili. Saa zinauzwa: mwenye baba tajiri atakodi ndege azungukie jiji mpaka zifike, na wa shamba la minazi atabaki nyumbani. Na saa zinaweza kuandikwa kwa kalamu, jambo ambalo marubani wenyewe hutaniana nalo, nalo si utani.

Mwanao, mzee, asikae Tanga kungoja ndege kubwa. Aende Arusha, au Wilson kule Nairobi, kwenye ndege ndogo za watalii na mizigo, akubali hata kuanzia ofisini kupanga safari na kupima mizigo. Akiitwa kwenye usaili, na yeye aulize: nitaruka na nani miezi sita ya kwanza, na ni lini mara ya mwisho rubani wenu alikataa kuondoka, akafanywa nini? Wakicheka, aage kwa heshima. Wakimtajia mtu na siku, hata mshahara ukiwa mdogo, aichukue kazi hiyo. Kisha aniandikie baada ya masika anieleze ameona nini, nami nitamsomea barua yake hapahapa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.